Hedifoni za Kufuta Kelele: Shilingi Milioni Moja Inanunua Kimya Kiasi Gani?

Kila zinapotajwa hedifoni za bei kubwa zinazofuta kelele, wazungumzaji hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huapa kwamba aliyezionja hawezi kurudia za kawaida. Kundi la pili hujibu kwamba anayetoa zaidi ya shilingi milioni moja za Tanzania kwa ajili ya kitu cha kuvaa kichwani amepigwa, na kwamba zile za elfu hamsini za Kariakoo hufanya kazi ileile. Ukiwasikiliza kwa utulivu, unaona kwamba mara nyingi hawabishanii kitu kimoja: huyu anazungumzia mngurumo wa ndege, yule anazungumzia maongezi ya wafanyakazi wenzake, na wa tatu ameshika boksi lenye maandishi yasiyohusiana kabisa na kelele zinazofika masikioni mwake. Kabla ya kuuliza kama bei ni ya haki, basi, yafaa tujue kwanza ni nini hasa kinachouzwa.

Hedifoni hupambana na kelele kwa njia mbili tofauti. Ya kwanza ni kuziba. Mito laini inayozunguka sikio, pamoja na gamba gumu la nje, huzuia sauti isipenye. Njia hii haihitaji betri wala chipu, na ndiyo inayotumika katika vikinga masikio vya wafanyakazi wa viwandani. Ya pili ni kufuta, ambayo kwenye maboksi hufupishwa kwa herufi ANC. Hapa hedifoni huwa na maikrofoni ndogo zinazosikiliza kelele ya nje, na chipu inayoipima kelele hiyo na kutengeneza papo hapo sauti iliyo kinyume chake, ili sauti hizo mbili zikikutana sikioni zidhoofishane. Hedifoni nzuri hutumia njia zote mbili kwa pamoja, nayo ya kuziba, ingawa haitangazwi sana, hufanya kazi kubwa kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Idadi ya mitikisiko katika sekunde moja huitwa masafa, nayo hupimwa kwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia takriban hezi 20 hadi hezi 20,000. Sauti nzito, kama mngurumo wa boti ya Zanzibar au wa kiyoyozi, ziko chini kabisa katika ngazi hiyo, ilhali filimbi ya trafiki na mlio wa breki viko juu. Jenereta ndogo ya petroli inayowekwa mbele ya duka, kwa mfano, kwa kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50, na mlipuko ndani ya silinda yake moja hutokea mara 25 kwa sekunde. Ndiyo maana sauti yake ina kiini kizito kinachopenya ukutani hata ukifunga dirisha.

Sasa mfikirie mtoto aliye kwenye bembea. Ukitaka kuisimamisha bembea hiyo bila kuikamata, unaisukuma kinyume wakati inapokujia, kwa nguvu inayolingana na ya kwake. Ukikosea wakati kidogo, juhudi zako zinapungua faida. Ukikosea sana, unajikuta unaisukuma kule kule inakokwenda, nayo inazidi kasi. Bembea ndefu inayokwenda polepole inakupa nafasi ya kujipanga, na fupi inayokwenda mbiombio haikupi. Chipu ya hedifoni iko katika hali hiyo hiyo. Mtikisiko wa sauti ya hezi 100 huchukua sehemu moja ya mia ya sekunde kukamilika, na wimbi lake hewani lina urefu wa kama mita 3.4. Wa hezi 3,000 hukamilika kwa sehemu moja ya elfu tatu ya sekunde, na wimbi lake halizidi sentimita 12, kiasi kwamba hata ule umbali mdogo uliopo kati ya maikrofoni, spika na ngoma ya sikio unatosha kuharibu hesabu. Kwa sababu hiyo ufutaji wa kelele hufanya kazi vizuri chini ya takriban hezi 1,000, hasa kwa sauti nzito zinazoendelea bila kubadilika. Juu ya hapo mzigo wote huachiwa mito.

Historia yake inathibitisha jambo hilo. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya Marekani kwa wazo la kunyamazisha sauti kwa sauti mwaka 1936, lakini vifaa vya enzi hizo havikuwa na uwezo wa kulitekeleza ipasavyo. Mwaka 1978 Amar Bose, aliyekuwa profesa wa chuo cha MIT na mwanzilishi wa kampuni yenye jina lake, alisafiri kwa ndege kutoka Zurich kwenda Boston, akakuta kelele za injini zinameza muziki wa hedifoni alizopewa, na akaanza kupiga hesabu akiwa angani. Kampuni yake ilianza kuwauzia marubani hedifoni za namna hii mwaka 1989, na abiria wa kawaida wakapata za kwao mwaka 2000. Teknolojia hii, kwa maneno mengine, ilibuniwa kwa ajili ya injini ya ndege, na hadi leo hakuna mahali inapong'ara kuliko ndani ya ndege.

Hapo ndipo malalamiko mengi yanapoanzia, kwa kuwa wanunuzi wengi wanataka kufutiwa watu, si injini. Sauti ya mtu mzima anapozungumza huanzia kati ya takriban hezi 85 na 255, na sehemu hiyo hedifoni huipunguza vizuri. Kinachotuwezesha kutambua maneno, hata hivyo, ni konsonanti, na nguvu ya konsonanti iko juu zaidi, kati ya hezi 1,000 na 4,000 hivi, mahali ambapo ufutaji umekwisha choka. Hedifoni basi huondoa unene wa sauti ya jirani na kumwachia makali yake. Wapo wanaoshangaa zaidi: wakishawasha ufutaji ofisini, feni na kiyoyozi vinanyamaza, na ghafla maneno ya watu wa meza ya pili yanasikika wazi kuliko mwanzo, kwa sababu mvumo uliokuwa ukiyafunika umeondoka. Matoleo mapya ya bei ya juu hupunguza sauti za watu kuliko yale ya miaka kumi iliyopita, lakini hayazimalizi. Kinachomalizia kazi ni muziki wa sauti ya chini, au hata sauti ya mvua iliyorekodiwa. Mtoto anayelia ni mtihani mgumu vilevile, kwa kuwa kilio chake kimesambaa hadi kwenye masafa ya juu. Hedifoni humsogeza mbali, haimnyamazishi.

Tukirudi kwenye fedha, bei zenyewe ziko hivi. Sony WH-1000XM6 iliyotoka mwaka 2025 ilizinduliwa Marekani kwa dola 450, na AirPods Max ya Apple iliyotangazwa Desemba 2020 iliingia sokoni kwa dola 549. Dola 450 ni zaidi ya shilingi milioni moja za Tanzania, au kama shilingi elfu 58 za Kenya, kabla ya usafirishaji, kodi na faida ya muuzaji. Kwa upande wa pili, Soundcore Space One ya kampuni ya Anker ilitoka mwaka 2023 kwa dola 100, na Sony yenyewe mwaka huo huo ilitoa WH-CH720N kwa dola 150. Zote nne zinafuta kelele kweli. Swali la haki, kwa hiyo, ni nini kinachoishi katika zile dola 300 za katikati.

Ili kulijibu, neno moja juu ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Kipimo hiki hakiendi kwa kujumlisha: kelele ikipungua kwa desibeli 10, sikio huihisi kama imepungua nusu, na ikipungua kwa desibeli 20 huhisi kama imebaki robo. Ndani ya ndege iliyo angani kelele huwa kati ya desibeli 80 na 85 hivi, na hedifoni bora zinaweza kuondoa 20 hadi 30 katika masafa mazito. Zile za bei ya kati huondoa pungufu ya hapo, lakini nazo tayari zimekutoa kwenye kelele kamili hadi kwenye sehemu ndogo yake. Hatua ya kwanza, ya kutoka hedifoni isiyofuta hadi inayofuta kwa kiwango cha kuridhisha, ni kubwa na kila mtu anaihisi. Hatua ya pili, ya kutoka hapo hadi kileleni, ni fupi, na wengi huitambua tu wakizivaa zote mbili kwa zamu mahali pamoja.

Pamoja na hatua hiyo fupi, fedha za ziada hununua mambo mengine, na ingekuwa si haki kuyabeza. Hununua maikrofoni nyingi zaidi: Sony WH-1000XM5 ya mwaka 2022 ina maikrofoni 8 za kusikiliza kelele, na mrithi wake ana 12. Wingi huo husaidia kufuta kelele zinazobadilika, na husaidia simu zako zisikike vizuri ukiwa barabarani. Hununua pia hali ya kupitisha sauti ya nje iliyo nyoofu kiasi cha kukuwezesha kuzungumza na mhudumu bila kuvua hedifoni, mito isiyobana baada ya saa nne, na uwezo wa kuunganishwa na simu na kompyuta kwa wakati mmoja, ingawa uwezo huu wa mwisho siku hizi unapatikana hata kwenye za bei ya kati. Sehemu nyingine ya bei ni jina, na hapo kila mtu ana uhuru wa kuamua anavyolithamini. Lakini kuna kitu kimoja ambacho baadhi ya wanunuzi hulipia bila kukitumia: kodeki ya LDAC, ambayo ni njia ya Sony ya kupitisha muziki wenye taarifa nyingi kwa Bluetooth. Simu za iPhone haziitumii. Mwenye iPhone anayechagua hedifoni kwa sababu ya LDAC ananunua kitu ambacho hakitawahi kuwaka.

Jambo ambalo wahakiki wa ughaibuni hulipitia juu juu, nalo kwetu ni kubwa, ni namna hedifoni inavyokaa kichwani. Ufutaji wa kelele unategemea mto kugusa ngozi pande zote za sikio. Pakiwa na upenyo, sauti nzito ya nje huingia, na ile sauti kinyume inayotengenezwa na chipu huvuja. Unapoteza kile kile ulichokilipia. Mikono ya miwani huacha upenyo. Misuko minene na rasta huacha upenyo mkubwa zaidi, kwa kuwa huunyanyua mto mzima. Ushungi uliofungwa juu ya masikio huweka kitambaa kati ya mto na ngozi, na kofia ya kiua ikishuka kidogo hufanya vivyo hivyo. Mwanamke mwenye ushungi aliyenunua hedifoni ya dola 450 anaweza kabisa kupata kimya kidogo kuliko mwenzake mwenye nywele fupi aliyenunua ya dola 100, na hakuna chipu itakayolirekebisha hilo. Kwa watu hawa eafoni ndogo za kuchomeka ndani ya sikio ni chaguo bora, kwa sababu mpira wake huziba tundu la sikio moja kwa moja, mradi achague saizi ya mpira inayomkaa, jambo ambalo wengi hawahangaiki nalo kwa kuwa mipira ya ziada hubaki imefungwa ndani ya boksi hadi siku boksi linapotupwa. Tangu Apple ilipotoa AirPods Pro mwaka 2019 kwa dola 249, eafoni za aina hii zimeboreka kiasi cha kuzikaribia sana hedifoni kubwa.

Eafoni zina faida nyingine ya wazi kwa mtu wa pwani: hazichemshi masikio. Kuvaa mito miwili ya ngozi bandia katika joto la Februari la Dar es Salaam au Mombasa ni adhabu, na jasho huila ngozi hiyo hadi ianze kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda shingoni.

Sasa tuje Kariakoo, Luthuli ya Nairobi na kwingineko tunakonunua. Herufi zinazowachanganya watu kuliko zote ni ENC. Maboksi mengi ya eafoni za bei nafuu hubeba herufi hizo kwa wino mkubwa, na muuzaji, mara nyingi kwa nia njema kabisa, humwambia mteja kwamba hizi zinakata kelele. Zinakata kweli, ila si kwa faida ya aliyezivaa: ENC husafisha sauti inayoingia kwenye maikrofoni wakati wa simu, ili mtu wa upande wa pili asisikie daladala. Wewe uliyezivaa utaendelea kuisikia daladala hiyo pamoja na kondakta wake. Mtego wa pili ni bandia zinazobeba majina makubwa. Baadhi yake ukizifungua karibu na simu, picha ya bidhaa halisi hujitokeza kwenye kioo, na mteja huondoka ameridhika. Picha hiyo imeigwa sawasawa na boksi lilivyoigwa, wala haithibitishi chochote.

Kinachothibitisha ni sikio lako. Mwombe muuzaji akuwashie feni, au simameni karibu na jenereta la jirani. Vaa hedifoni bila muziki wowote, subiri kidogo, kisha washa na uzime ufutaji mara kadhaa. Kama ni wa kweli, kila unapouwasha mngurumo wa chini unaporomoka na unabakiwa na mvumo mwembamba wa upepo wa mapanga, ilhali sauti ya muuzaji inabaki inasikika bila kishindo chake cha kifuani. Kama kinachobadilika ni ile sauti ya kike tu inayotangaza kwamba ufutaji umewashwa, na feni inavuma vilevile, umekwisha kupigwa changa la macho, bahati nzuri kabla ya kulipa.

Zipo pia hofu zinazozunguka. Wengine husema ufutaji wa kelele hupeleka mionzi kichwani. Kinachotoka ni sauti, kutoka spika ile ile inayotoa muziki. Mawasiliano ya redio yaliyopo ni ya Bluetooth, nayo yapo hata katika hedifoni zisizofuta chochote. Wengine huhisi masikio yameziba na hudhani hewa imebanwa ndani. Shinikizo la hewa halijabadilika. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba ubongo hutafsiri kutoweka kwa sauti nzito kama dalili ya masikio kuziba. Hata hivyo hisia yenyewe ni ya kweli, wapo inaowaletea hata kichefuchefu, na kwa mtu wa namna hiyo hedifoni ghali kuliko zote haifai hata akipewa bure.

Hofu iliyo kinyume chake ndiyo inayonisumbua zaidi, yaani imani kwamba hedifoni hizi ni kinga ya masikio. Kwa fundi wa gereji anayetumia mashine ya kukatia vyuma, si kinga. Mlio wa mashine hiyo umejaa masafa ya juu, hedifoni za muziki hazikupimwa kwa kazi hiyo, na anachohitaji ni vikinga masikio vya kiwandani, ambavyo tena ni vya bei ndogo. Faida ya kiafya iliyopo ni ya namna nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda salama kwa nusu. Anayesikiliza muziki ndani ya basi kwa eafoni za kawaida hulazimika kuupandisha muziki juu ya injini, na hivyo huuvuka mpaka huo bila kujua. Ukiiondoa injini, muziki unaushusha mwenyewe. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za kununua hedifoni hizi, na habari njema ni kwamba inatimizwa kikamilifu na zile za dola 100. Avukaye barabara au aendeshaye bodaboda azivue. Honi nayo ni kelele.

Nani basi alipe milioni? Anayesafiri kwa ndege mara kwa mara, na hasa zile safari ndefu za Doha, Dubai au Amsterdam, hulipwa gharama yake kwa uchovu anaoepushwa. Anayeshinda kwenye simu za kikazi mahali penye makelele atazithamini maikrofoni nzuri. Anayefanya kazi jirani na jenereta atafaidika sana, ingawa zile za bei ya kati zitamfikisha karibu kabisa na hapo. Mwanafunzi anayetaka asisikie umbea wa bwenini, au mpangaji anayekimbia maongezi ya kibarazani, asitoe fedha hizo, maana tatizo lake liko katika masafa ambayo fedha haiyafikii; mipira ya eafoni inayoziba barabara pamoja na sauti ya mvua itamsaidia zaidi. Na hata kwa wale wanaostahili kulipa, toleo la mwaka uliopita ni ununuzi wa busara kuliko jipya, kwa kuwa bei ya la zamani hushuka pale mrithi anapotangazwa, na tofauti ya kimya kati yao ni ndogo. Kabla ya kutoa fedha ulizia mito ya akiba ya toleo hilo inapatikana wapi na kwa bei gani, kwa sababu mito huchakaa mapema kuliko kitu kingine chochote, na hedifoni ya milioni moja iliyochanika mto haifuti kelele vizuri kuliko ya laki moja yenye mto mzima.